Maswali ya Wasomaji: Gari Lililotumika, Hatifungani, Takwimu za Uchaguzi na Lugha ya Pili

Barua nyingi za safari hii hazikuomba maelezo tu, zimeomba maoni yetu. Tumeyatoa, na tulipoweza tumeweka hesabu kando yake ili asiyekubaliana nasi aone pa kubishia.

SWALI: Ndugu Wahariri, nataka kununua gari la petroli lililotumika, lenye umri wa miaka kumi hivi. Muuzaji anasema taa ya injini haijawahi kuwaka, na kweli nilipoliendesha haikuwaka. Nimepewa saa moja ya kulikagua kabla ya kulipa. Niangalie nini?

JIBU: Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupata moto inaficha mengi: ugumu wa kuwaka, moshi wa mwanzo, mlio wa cheni ya taimingi iliyolegea. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, panga siku nyingine.

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. (Usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto, maji ya ndani yana msukumo na yatakuunguza uso.) Maji yawe yamejaa, tena yawe ya kupozea yenye rangi safi. Yakiwa ya kahawia, gari limekuwa likiongezwa maji ya kawaida, na kutu imeshakaa ndani ya rejeta na kwenye mifereji ya injini. Kisha fungua kifuniko cha oili. Ute wa rangi ya chai ya maziwa hapo unaweza kuwa unyevu wa safari fupifupi tu, kwa hiyo usikimbie bado. Vuta kijiti cha kupimia oili. Nacho kikitoka na rangi hiyo, maji na oili vimekutana, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi. Gari hilo liache.

Washa sasa, mfuniko wa rejeta ukiwa bado wazi, na utazame ndani kwa dakika mbili tatu, kisha uufunge kabla maji hayajapata moto. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Moshi mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke. Ukiendelea injini ikiwa ya moto na ukawa na harufu tamu, maji ya kupozea yanaungua. Moshi wa buluu ni oili. Ukitoka wakati wa kuwasha tu, shuku sili za valvu. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni, na hapo injini itabidi ifunguliwe.

Tuje kwenye ile taa. Taa kutowaka barabarani hakuthibitishi kitu. Geuza swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake pamoja na ya oili na ya betri, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, mtu ameichezea. Ikiwaka ipasavyo, bado kuna ujanja mwingine, wa kufuta makosa kwa kompyuta asubuhi ya siku ya kuuza. Taa itazima na inaweza kukaa siku kadhaa bila kurudi, lakini kompyuta ya gari huacha alama. Magari yenye mfumo wa OBD-II, yaani wa gari kujichunguza makosa lenyewe, uliofanywa wa lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996 na Ulaya kuanzia magari ya petroli ya 2001, yana soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva. Chomeka kipimo, hata kile kidogo kinachosomeka kwenye simu kwa Bluetooth, utafute ukurasa wa majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe: kichocheo cha ekzosti, sensa za oksijeni, mfumo wa mvuke wa petroli. Makosa yakifutwa, majaribio hayo hurudi kwenye hali ya "hayajakamilika", na hayakamiliki mpaka gari liwashwe likiwa baridi, liende mwendo wa barabara kuu, lisimame, lipoe, na kurudia hivyo mara kadhaa. Magari mengi huonyesha pia kilomita zilizotembewa tangu makosa yafutwe. Muuzaji anayesema analiendesha kila siku, huku kipimo kikionyesha kilomita 12 tangu kufutwa na karibu majaribio yote hayajakamilika, mwombe aliendeshe wiki nzima ndipo urudi na kipimo. Akikataa, usinunue.

Matairi yatakusimulia yaliyobaki. Yakilika katikati yamejazwa upepo kupita kiasi, yakilika kingo zote mbili upepo ulikuwa mdogo, na tairi likilika upande mmoja tu magurudumu hayajanyooka au bushi zimekwisha. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kama injini inatumia mkanda wa taimingi, na hakuna risiti inayoonyesha ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa umekwisha. Ondoa kwenye bei gharama ya mkanda, tensheni na pampu ya maji kwa pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu, na ukarabati wake unaweza kuzidi thamani ya gari zima.

SWALI: Fundi mmoja ananiambia oili ya giaboksi ya otomatiki haibadilishwi maisha yote ya gari. Mwingine anasema nikiibadilisha ndipo giaboksi itakufa. Ninyi mnasemaje?

JIBU: Tunasema ibadilishe, mapema, kati ya kilomita 60,000 na 100,000, na kabla ya hapo kama gari linavuta mizigo au linashinda kwenye foleni za joto. Oili hiyo inapoza, inalainisha na kubeba msukumo unaobana sahani za klachi. Joto likiichosha, sahani zinaanza kuteleza, na kuteleza kunaleta joto zaidi.

Hofu ya fundi wa pili ina msingi wake. Giaboksi ambayo tayari inateleza haiponi kwa oili mpya, na ikifa wiki inayofuata lawama huiangukia oili. Kuisafisha kwa mashine ya msukumo nako kunaweza kung'oa uchafu na kuusukumia kwenye tundu nyembamba za valvu. Njia ya salama ni kumwaga na kujaza tu. Ukimwaga hivyo kwa kawaida inatoka theluthi hadi nusu, kwa sababu nyingine imebaki kwenye toki konvata (kiungo kati ya injini na giaboksi) na kwenye kipoza, hivyo endesha siku chache urudie mara mbili zaidi. Pima kiasi kilichotoka na urudishe kilekile. Oili iwe ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari; giaboksi ya CVT (ya otomatiki isiyo na gia za ngazi) ukiitilia oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda wake wa chuma utateleza na kuharibika. Kipimo cha mwisho hufanywa kwenye joto alilotaja mtengenezaji, giaboksi ikiwa baridi kipimo kinadanganya.

SWALI: Nimeahidiwa mkopo wa gari kwa riba ya asilimia 10 kwa miaka mitatu. Mkopeshaji mwingine anataka asilimia 15. Wa kwanza si ndiye nafuu?

JIBU: Huenda siye. Uliza kwanza asilimia 10 hiyo inahesabiwa juu ya nini. Kama ni juu ya mkopo wote wa mwanzo kwa miaka yote, basi kwa kila 1,000,000 unayokopa unalipa riba ya 300,000, yaani marejesho ya 36,111 kwa mwezi. Lakini deni lako linapungua kila mwezi, na mwezi wa mwisho unalipia riba ya 1,000,000 wakati unadaiwa kama 36,000 tu. Ukiihesabu riba hiyo juu ya deni linalobaki, ni karibu asilimia 18 kwa mwaka. Mkopo wa asilimia 10 unaohesabiwa juu ya deni linalopungua ungekutoza riba ya 161,600 hivi kwa miaka yote mitatu. Kwa hiyo yule wa asilimia 15, kama anahesabu juu ya salio, ndiye nafuu.

Usilinganishe asilimia. Waambie wote wawili wakuandikie jumla ya fedha utakayokuwa umelipa siku ya mwisho, pamoja na ada ya kufungua faili na bima wanayokulazimisha. Uliza pia ukimaliza deni mapema unasamehewa riba iliyobaki au la. Jibu hilo walitie kwenye mkataba.

SWALI: Nina hatifungani ya serikali iliyobakiza miaka 10, inayolipa 5 kwa mwaka kwa kila 100. Niliambiwa haina hatari. Sasa taarifa inaonyesha thamani ya 86. Nimeibiwa? Niuze?

JIBU: Hujaibiwa. Hatifungani ni mkopo ulioipa serikali, na thamani yake hubadilika sokoni. Riba ya soko imepanda, na hesabu inaonyesha imefika kama asilimia 7. Fikiria mnunuzi: hatifungani mpya inampa 7, yako inampa 5. Hawezi kuichukua kwa 100, kwa hiyo bei inashuka mpaka naye apate asilimia 7 yake. Malipo yako kumi ya 5, yakipunguzwa thamani kwa asilimia 7 kila mwaka, leo yana thamani ya 35.1. Ile 100 utakayorudishiwa baada ya miaka 10 leo ina thamani ya 50.8. Jumla ni 85.9.

Kuhusu kuuza, piga hesabu za pande zote mbili. Ukibaki nayo na kila 5 unayopokea ukaiwekeza kwa asilimia 7, mwishoni utakuwa na 69 pamoja na 100 yako, yaani 169. Ukiuza leo kwa 85.9 na kununua mpya ya asilimia 7, ukawekeza malipo yake vilevile, mwishoni utakuwa na 169. Ni sawasawa, kasoro ada ya dalali. Ndiyo maana tunasema usiuze kwa sababu ya bei kushuka. Uza kama unaihitaji fedha, au kama huamini tena kwamba serikali hiyo italipa.

Aliyekwambia haina hatari alikuwa anazungumzia hatari moja tu, ya kutolipwa. Zipo mbili nyingine. Ya kwanza ni hii ya riba, nayo inakua na muda: riba ileile ikipanda kutoka 5 hadi 7, hatifungani ya miaka 2 ingeshuka hadi 96 tu. Kwa hiyo linganisha muda wa hatifungani na tarehe utakayohitaji fedha. Ada ya shule ya baada ya miaka miwili haina biashara kwenye hatifungani ya miaka 10. Ya pili ni mfumuko wa bei, na hii ndiyo tunayoihofia zaidi kwa sababu haionekani kwenye taarifa yoyote. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, mwenye kupokea 5 anarudi nyuma huku salio lake likiongezeka.

SWALI: Mfuko wa uwekezaji unaotoza asilimia 1.5 na unaotoza 0.2, tofauti hiyo ni ya kuumiza kichwa?

JIBU: Ndiyo, na sana. Chukua 100, soko likue kwa asilimia 7 kwa mwaka, uache kwa miaka 30. Ukitozwa 0.2 kila mwaka utakuwa na kama 720. Ukitozwa 1.5 utakuwa na kama 498. Ada hukatwa kila mwaka, mfuko upate faida au hasara, na kilichokatwa hakizai tena. Mifuko inayofuata fahirisi ya soko zima (kipimo cha bei za hisa zake kwa pamoja) hutoza kidogo kwa sababu haimlipi mtu wa kuchagua hisa. Ule wa kwanza kwa watu wa kawaida nchini Marekani ulianzishwa na John Bogle wa Vanguard mwaka 1976. Meneja anayetoza 1.5 ana mlima wa kuipita fahirisi kwa asilimia 1.3 kila mwaka ndipo alingane tu na mfuko wa bei rahisi.

SWALI: Utafiti wa maoni umehoji watu 1,000, mgombea wangu ana asilimia 46, mpinzani 43. Tumeshashinda? Halafu watu 1,000 wanawezaje kuwasemea mamilioni?

JIBU: Hamjashinda. Sampuli ya watu 1,000 iliyochaguliwa kwa bahati nasibu ina wigo wa makosa wa asilimia 3 hivi juu na chini, na huo ni wa kila mgombea peke yake. Ukitazama pengo kati ya wawili, wigo unakaribia kuwa mara mbili, yaani kama 6. Pengo lenu ni 3. Tena 46 na 43 ni 89, kwa hiyo asilimia 11 hawajaamua, hawakujibu, au wako kwa wengine, nao ni wengi kuliko pengo lenyewe.

Wingi wa wananchi hauathiri sana usahihi, kinachoamua ni namna ya kuwachagua wanaohojiwa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi kwa watu wapatao milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo wa uchumi, na wengi walioandikiwa hawakujibu. George Gallup, mtafiti wa maoni, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo mara nyingi, alimtabiri mshindi. Ukitaka kupunguza wigo wa makosa kwa nusu unahitaji kuhoji watu mara nne zaidi, lakini orodha mbovu haitibiwi kwa kuongeza watu.

Kwa hiyo kabla ya kushangilia, tafuta nani amelipia utafiti, siku za mahojiano, watu walifikiwa kwa simu, mtandaoni au nyumbani kwao, na maneno kamili ya swali. Utafiti usiochapisha maneno ya swali lake sisi hatuuhesabu. Ikiwa kuna tafiti tano za mwezi mmoja, chukua wastani wake na usiuchague ule unaokufurahisha.

SWALI: Kwa nini mtu awe rais wakati wapigakura wengi hawakumtaka?

JIBU: Kwa sababu pale mtu anaposhinda kwa kuongoza tu, hata bila kuvuka nusu ya kura, wanaofanana kimsimamo wanagawana kura. Kurudia uchaguzi kwa wawili wa juu kunasaidia, ila si dawa kamili. Ufaransa, mwaka 2002, kulikuwa na wagombea 16. Chirac wa mrengo wa kulia alipata asilimia 19.9, Le Pen wa mrengo mkali wa kulia 16.9, Jospin wa mrengo wa kushoto 16.2, na Jospin akatolewa huku kura za mrengo wa kushoto zikiwa zimetawanyika. Duru ya pili Chirac akapata zaidi ya asilimia 82.

Sisi tunapendelea kura ya kupanga wagombea kwa namba, inayotumika Australia kwa wabunge tangu 1918. Unaandika 1 kwa unayempenda, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Kama hakuna aliyevuka nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinakwenda kwa namba 2 wa kila karatasi. Kasoro zake ni kwamba kuhesabu kunachukua muda mrefu, na anayekosea namba anaharibu kura yake. Panapokosekana mawakala wa kukaa kituoni mpaka mwisho, kasoro ya kwanza si ndogo.

SWALI: Nina miaka 45, nataka kujifunza lugha ya kigeni. Itanichukua muda gani, na nianze na sarufi au msamiati?

JIBU: Taasisi ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani, inayofundisha wanadiplomasia wanaozungumza Kiingereza, hutenga wiki 24 hadi 30 za darasa la siku nzima kwa Kihispania au Kifaransa, wiki 36 kwa Kiswahili, na wiki 88, kama saa 2,200, kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea. Kwako mpangilio huo utabadilika. Kilingala au Kinyarwanda zina ngeli unazozijua tayari, na Kiarabu kitakupokea kwa maneno mengi uliyoyazoea.

Anza na msamiati ndani ya sentensi, sarufi ifuate pale sentensi inapokukwaza. Tumia sanduku la kadi lenye vyumba vitano, mbinu aliyoieleza Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukiipata inasogea chumba kinachofuata, kinachopitiwa kwa nadra zaidi. Ukiikosa inarudi mwanzo, hata kama ilikuwa chumba cha tano. Andika sentensi nzima yenye pengo moja. Kadi mpya ziwe kumi kwa siku, basi. Wanaoanza na hamsini hukwama ndani ya wiki chache, kwa sababu kila kadi ya leo inadai marudio ya kesho, na siku moja wanakuta rundo la mamia wakaacha.

Nusu ya muda wako iwe ya kusikiliza, tena yale unayoelewa kwa kiasi kikubwa. Redio usiyoielewa hata kidogo haikufundishi kitu.

SWALI: Mke wangu na mimi tuna lugha mbili tofauti. Ndugu wanasema tukimchanganyia mtoto atachelewa kuongea. Ana miezi 20 na ana maneno machache.

JIBU: Lugha mbili hazisababishi tatizo la kuchelewa kuongea. Kosa ni kuhesabu maneno ya lugha moja tu. Andika orodha ya kila neno analolitumia kwa maana, katika lugha zote mbili, mkiweka pia "ba" kama daima linamaanisha baba. Watoto wengi wakifika miezi 24 wana maneno 50 au zaidi na wanaunganisha mawili. Kila mmoja wenu aongee naye lugha anayoimudu vizuri. Mzazi anayejilazimisha lugha asiyoijua vizuri huishia kuongea kidogo, na wingi wa maongezi ndio anaouhitaji mtoto.

Mpelekeni apimwe masikio sasa, msingoje miezi 24, hasa kama haitikii jina lake au amekuwa akiugua masikio mara kwa mara. Na kama amepoteza maneno aliyokuwa nayo, aonwe na mtaalamu wiki hii.